Rupia ya Paji la Uso

Siku Fundi Jaffari aliponiambia nimletee rupia ya dada yangu, nilipaswa kukataa. Neno la kukataa nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nilimjibu, "Nitaona," nikapanda baiskeli, na tangu Maili Moja mpaka Kisarawe nilikuwa nikipanga jinsi ya kumdanganya mtu aliyenilea. Mtu huyo, Dada Mwamvita, tulimzika mwezi uliopita, na tangu tulipotoka makaburini sijaweza kuandika jambo lingine lolote. Wazee wenzangu wanapoandika maisha yao hutafuta mwaka wa ujana uliowajenga. Mwaka wangu mimi ulinikuta nina mvi tayari, nina mke, nina binti, Siwema, mwali aliyewekwa ndani akisubiri kutolewa. Nilikuwa katika umri ambao mtu hudhani tabia yake imekwisha kukauka kama tofali, haigeuki tena. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, ule wa unga wa yanga, mahindi ya njano ya msaada, na foleni za sabuni kwenye duka la kaya, na wa msako wa walanguzi, ambapo watu walitupa vitenge vyao wenyewe vichakani kwa kuogopa kuulizwa wamevitoa wapi. Bila hofu ile ya watu uongo wangu usingefika mbali. Nilikuta njia imekwisha kufyekwa, nikapita.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa ghala la korosho. Nilisimama kando ya mzani, wakulima wakipakua magunia, na kwa kuwa nilisoma mpaka sekondari na sikuwa nikiwapunja, waliniheshimu. Watu walipohamishiwa vijijini na mikorosho ikaachwa imezongwa na majani huko mbali, magunia yakapungua, na mwishowe ghala likafungwa tukaambiwa twende nyumbani. Niliondoka na baiskeli yangu na mkebe wa kakao uliojaa sarafu za kale. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yangu. Mkulima akigonga kitu cha duara kwa jembe alinihifadhia, nami nikampa sigara au nikamwandikia barua. Nilikuwa na senti kumi za tundu, hela za shaba za Mjerumani, pesa zenye maandishi ya Kiarabu, na riale moja yenye sura ya mwanamke mnene ambayo niliipenda kuliko zote. Jioni nilizimwaga kwenye mkeka nikazipanga. Mke wangu Zainabu alikuwa akipita na sufuria yake anasema, "Wenzako wanakusanya mbuzi, mbuzi wanazaa. Hizo zako zimezaa nini?" Tulikuwa tukicheka. Ghala lilipofungwa akaacha kusema hivyo, na nikajua kwamba sasa haukuwa mzaha tena.

Kazi niliipata kwa ajili ya hereni. Ya Zainabu ilikatika ndoana, nikaipeleka kwa sonara mmoja wa Maili Moja, mtu wa asili ya Bagamoyo aliyeitwa Fundi Jaffari. Duka lake lilikuwa na meza ya kioo mbele, na nyuma ya pazia chumba cha kazi chenye jiko la mkaa, mvukuto wa ngozi uliotiwa viraka, na harufu ya ndimu, kwa maana aling'arishia fedha kwa ndimu na majivu. Nilimkuta anabishana na mteja juu ya rupia. Mteja anasema ni fedha tupu, Fundi anaigeuzageuza bila kuamua. Nikaomba niishike. Niliiangusha kwenye sakafu ya saruji mara moja tu, nikamrudishia.

"Hii risasi," nikasema. "Imepakwa."

"Umejuaje?"

"Sikiliza inavyolia. Kama mtu mwenye mafua."

Mteja aliondoka kwa hasira, na Fundi alicheka mpaka akakaa. Akanikaribisha chakula cha mchana, ugali wa yanga na dagaa wa kukaanga, tukala nyuma ya pazia, na kabla hatujanawa mikono alikuwa amekwisha kunipa kazi. Fedha ya kufulia vito haikuwa ikiingia nchini, akasema, na watu hawajaacha kuoana. Vijijini fedha ipo, imelala kwenye visanduku vya bibi zetu, lakini yeye akienda wanamwona tapeli. Mimi nikienda wataniona karani wao. "Wewe utanitafutia, utanichagulia. Zilizosagika nitaziyeyusha. Zile nzuri, Mtaalamu, tutaziweka humu." Akagonga sanduku la kioo lililokuwa tupu juu ya meza. "Uzipange mwenyewe kama unavyojua. Watu waje kuziona."

Hakuna aliyewahi kuniita Mtaalamu. Hata sasa nikilikumbuka neno lile nasikia joto shingoni. Mtu wa umri wangu, ambaye juzi tu alikuwa akipishwa kwenye foleni kwa huruma, anaambiwa kwamba kile alichochekwa kwacho maisha yake yote ndicho kinachotakiwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Zainabu, "Zimezaa." Akauliza zimezaa nini. Nikamwambia kazi.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na sitaki kusema uongo kwamba haikuwa. Niliendesha baiskeli kwa njia ya Kiluvya, nikazunguka Misugusugu, Mlandizi, nikarudi vilimani kwetu Kisarawe. Kila nyumba nilikaribishwa kwa muhogo au kwa chai isiyo na sukari. Niliwaeleza wenyeji sura zilizomo kwenye sarafu zao, nikawalipa bei ya haki aliyoipanga Fundi, na nzuri nikazipanga kwenye sanduku la kioo juu ya kitambaa cheusi. Lakini msako ulipopamba moto sauti za watu zikabadilika. Misugusugu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na rupia zilizowahi kuwa vishikizo vya joho la babu yake. Mara mbili alikuwa amekataa kuziuza. Mara ya tatu alinivutia kiti karibu.

"Karani, nasikia redioni wanasaka walioficha mali. Hizi nazo ni mali?"

"Mimi sijui, mzee wangu. Sijasikia wakizitaja."

"Hujasikia wakizitaja, au walizitaja wewe umelala?"

Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni. "Mpe Karani aende nazo! Utafungwa bure kwa ajili ya vishikizo vya marehemu, na chakula sikuletei!"

Wote tukacheka. Yule mzee aliendelea kunitazama akingoja nimwambie, hapana mzee, hilo halihusiani nawe, vitu vyako ni vyako. Sikusema. Nilishusha pumzi tu, kama mtu anayejua jambo asiloruhusiwa kulitamka, na mzee akaenda kuzitoa. Nilimlipa bei ile ile ya haki. Nilijiambia kwamba sikumdanganya. Toka siku hiyo nilijua kushusha pumzi, na nilishusha pumzi katika nyumba nyingi.

Kisha siku moja nikakuta sanduku la kioo lina mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Nikamwuliza Fundi, "Yule simba wa katikati yuko wapi?" Nilimaanisha rupia ya kwanza kwanza ya Mjerumani, yenye simba aliyesimama mbele ya mnazi.

"Simba kaoa," akasema bila kuinua macho. "Yuko Mlandizi, mkononi kwa bibi harusi."

"Tulikubaliana, Fundi."

"Tulikubaliana. Na wewe wiki iliyopita ulikwenda nyumbani na sukari na miche miwili ya sabuni. Ulidhani imetoka wapi? Imetoka kwa baba wa bibi harusi." Aliliambia pazia zaidi kuliko mimi, kwa upole kabisa. Nyumbani kwangu chai ilikuwa na sukari. Zainabu alikuwa ameanza kuwagawia majirani vipande vya sabuni, anatembea tena kichwa juu. Nilikaa nikazipanga upya zilizobaki ili mapengo yasionekane.

Hapo inabidi niieleze rupia ya Dada Mwamvita. Nayo ilikuwa ya simba na mnazi. Mama alikuwa kungwi, na alipokufa ukungwi ulikwenda kwa dada pamoja na rupia ile. Kila mwali wa ukoo wetu alipotolewa ndani, amepakwa mafuta, ameinamisha uso, kungwi ndiye aliyemwinua na kumbandika rupia ile kwenye paji la uso. Ikishika, vigelegele. Kisha ndipo watu wengine walipomtunza kwa fedha zao. Ilikuwa imepita katika paji la dada mwenyewe na la kila binti wa ukoo tuliyemjua, na watu wa mitaa ya jirani walikuwa wakimwomba dada awatolee mabinti zao kwa rupia hiyo hiyo. Mimi mwanamume nisingepaswa hata kuizungumza. Lakini siku moja, tukila nyuma ya pazia, Fundi alisifu rupia aliyowahi kuiona mjini, na mimi nikataka kumzidi. Nikamwambia kwetu kuna moja ambayo kwa kupakwa mafuta miaka yote ile ni laini kama ulimi. Akatafuna, akameza. "Nzito?" akauliza.

Mkubwa mmoja alikuwa ameagiza vikuku vya harusi ya bintiye, na fedha ya Fundi ilipungua kidogo tu. "Niazime ile ya dada yako," akasema. "Ukipata nyingine utamrudishia. Rupia ni rupia." Katika watu wote wa Kibaha na Kisarawe mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba rupia si rupia. Nikasema nitaona.

Nyumba ya mama ilikuwa bondeni, chini ya mji wa Kisarawe, na Dada alikuwa akiishi humo peke yake tangu mumewe afariki. Kwa dada sikuwa nikipiga hodi. Niliingia kwa mlango wa uani, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama nilivyokuwa nikikaa utotoni, na yeye akanimiminia chai kwenye kopo langu la bati, lililobanduka rangi ya buluu mdomoni. Kabatini alikuwa na vikombe vya maua, zawadi ya harusi yake, ila hivyo vilikuwa vya wageni. Siku ile alikuwa anachambua kisamvu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona uso umekukaa hivyo? Zainabu kakunyima?"

Nikamwambia kwamba watu wa msako wanapita nyumba kwa nyumba. Kwamba wakikuta fedha ya zamani wanauliza mtu kaitoa wapi.

"Niliitoa kwa mama."

"Watataka hati, dada."

"Hati ya mama?" Akacheka, akapangusa mikono. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu mimi sikucheka. Nilishusha pumzi. Aliingia ndani akarudi na kikopo cha poda kinachonukia udi, akakifungua, akaitoa rupia kwenye kitambaa chake. "Basi ikae kwako, pamoja na zile zako. Wewe umesoma, hawatakusumbua. Siwema akitoka utaniletea."

"Nitakuletea."

Alinifungia na kisamvu nimpelekee Zainabu.

Msaidizi wa Fundi hakuwepo kesho yake, kwa hiyo mimi ndiye niliyevuta mvukuto. Sikulazimishwa. Fundi aliitia katika kibakuli cha udongo pamoja na vipande vingine, nami nikavuta taratibu kama alivyonielekeza. Kwa muda haikubadilika, ikawa nyekundu tu, simba akaonekana vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Halafu kingo zikalegea, na ghafla hapakuwa na rupia, palikuwa na tone linalotetemeka. Fundi akasema, "Safi sana hii." Siku zilizofuata nilitafuta nyingine ya simba na mnazi kila mahali nilipojua. Sikuipata. Zote nilikuwa nimekwisha kumletea Fundi.

Siku ya Siwema ilipokaribia, dada alituma watu mara moja, kisha akaja mwenyewe. Nikamwambia nilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara, nikapekuliwa, rupia ikachukuliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kwa hasira. Yeye alinishika mkono, akaugeuza akitazama. "Walikupiga?" akauliza.

"Hawakunipiga."

"Kweli hawakukupiga?"

Nikasema kweli. Akamshukuru Mungu, akaenda zake. Nililala usingizi mzuri, na hilo nalo naliandika.

Baada ya siku chache Seif, karani wa ofisi za wilaya ambaye nilifahamiana naye toka enzi za ghala, alinikuta nje nikitengeneza mnyororo wa baiskeli. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye kisa. "Karani, dada yako bwana! Jana alikuja kujishtaki!"

"Kujishtaki nini?"

"Alikuja kavaa kanga mpya, kasimama mlangoni pale. Anasema, mdogo wangu hana kosa, rupia ni yangu mimi, kama ni kufunga nifungeni mimi. Ila sarafu yenyewe mnirudishie, nina mwali wa kutoa. Tulicheka mpaka mkubwa akatoka chumbani kwake! Tukamwambia, bibi, nani kakataza rupia? Rupia za Mjerumani zina ulanguzi gani? Kaivae shingoni ukipenda!"

"Akasema nini?"

Seif akafikiri. "Aliomba maji. Akanywa, akashukuru, akaenda. Lakini bwana, kujishtaki!" Akaondoka akicheka peke yake.

Sikwenda kwake. Nilijiambia nitakwenda baada ya shughuli. Siku ya kumtoa Siwema sisi wanaume tulikaa nje ya uzio wa makuti, tumeletewa pilau, na upande wa pili ngoma ikanyamaza kama inavyonyamaza wakati ule wa rupia. Nikasikia sauti ya bibi mmoja mzee wa ukoo, "Mwamvita, iko wapi?"

"Nimeipoteza," sauti ya dada ikajibu.

"Umeipoteza vipi? Kitu cha mama yako?"

"Nimeipoteza mimi mwenyewe. Labda ni uzee."

Kukawa na manung'uniko, na mwanamke mmoja akasema kwa nguvu, makusudi asikike, "Kungwi gani huyu." Nilikuwa na pilau mdomoni. Kutoka nilipokaa mpaka kwenye mlango wa uzio palikuwa hatua chache, na hata kusimama si lazima, kupaza sauti kungetosha. Nilitafuna. Baadaye Zainabu aliniambia kwamba dada alichovya kidole gumba kwenye mafuta akakibandika kwenye paji la mwanangu, na vigelegele vikapigwa vichache, vya aibu. Siwema aliolewa, ana wajukuu sasa, na maisha yake hayakuharibika. Ila tangu siku ile hapakuwa na nyumba iliyomwita dada kutoa mwali. Ukungwi ukaenda kwa mwingine, na yule aliyepoteza rupia ya mama yake akabaki na mihogo yake. Hakuwaambia. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwaambia.

Wiki ile ile niliacha kazi kwa Fundi, naye hakushangaa. Nikauchukua mkebe wa kakao, na sarafu zangu zote ndani, nikashuka bondeni. Niliingia kwa mlango wa uani kama siku zote. Dada aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kiti. Kiti cha mbao, cha sebuleni, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

"Karibu kiti, Bwana Karani."

Niliuweka mkebe miguuni pake. Nikaanza kusema, yaani nilianza na Fundi, na sukari, na ile harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akausogeza mkebe kwa mkono, polepole, mpaka ukagusa kiatu changu.

"Hizi ni zako," akasema. "Mimi sikuomba nyingine. Kunywa chai, itapoa."

Chai ilikuwa kwenye kikombe cha maua, na kisahani chini yake.

Sasa nikiwaza naona kwamba angenitukana ningepata pa kushika. Tusi ni la ndugu. Yeye hakunifukuza, hakuninyima chakula, aliniuliza habari za wanangu mmoja mmoja. Kila nilipokwenda kilitoka kiti, kikatoka kikombe cha maua, na alinisindikiza mpaka barabarani kama wanavyosindikizwa watu wa mbali. Nilijaribu mara moja kukaa juu ya mbuzi ya nazi kabla hajaleta kiti. Alisimama na kiti chake mkononi, akangoja, mpaka nikainuka. Kopo la bati sikuliona tena. Sijui alilipeleka wapi.

Mwezi uliopita, tuliporudi kutoka makaburini, tulikaa uani kwake tukisubiri khitma. Mjukuu wake, binti aliyezaliwa miaka mingi baada ya mambo haya na asiyejua lolote, alikuwa akigawa chai. Wafiwa wote aliwapa kwenye vikombe vya plastiki vya kuazima. Aliponifikia mimi alisita, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maua juu ya kisahani chake. Mtani wetu mmoja aliyekuwa akiwachekesha watu tangu asubuhi akakiona. "Jamani, huyu mgeni wa heshima katoka nchi gani?" Watu wakacheka, kama inavyopasa kwa watani. Yule binti akanitetea kwa adabu. "Babu ndivyo anavyopewa siku zote," akasema. "Bibi alitufundisha."

Kazi ya kwa Fundi Jaffari ilinipa sukari ya miezi michache na jina la Mtaalamu. Ilichukua kazi ya dada yangu na jina lake zuri. Na nyumba ya mama yangu, nyumba pekee duniani ambamo sikuwa nikipiga hodi, niliingia humo mgeni mpaka siku tuliyomtoa dada kwenda kumzika.